Vitufe Vilivyobaki Nyumbani

4 Februari

Mwanangu Mtaalamu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi sijambo, goti la kulia ndilo lenye jambo, lakini hilo tumeshazoeana. Nyumba ipo, paa halivuji, na mpangaji wangu yule muuguzi bado ananivunja mbavu kwa visa vya wodini. Mama watoto hajambo? Na somo yangu je, ameshajua kufunga kamba za viatu au bado anakimbia zikiburuzika? Mwambie aliyepewa jina langu haanguki ovyo ovyo, ananiharibia sifa.

Taa ya sebuleni nimeibadilisha mara mbili mwezi huu. Siku hizi wanauza taa hafifu, mshumaa una nafuu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chuo chetu cha uhazili kimepata mkuu mpya, kijana mwenye tai nyembamba na haraka nyingi. Mashine za chapa zote kumi na nane zimetolewa nje, zimepangwa varandani zikisubiri mnunuzi. Sina ugomvi na kompyuta, nimezifundisha miaka mingi. Ugomvi wangu ni hizi slaidi. Eti mhazili wa leo asipojua kumwandalia bosi wake slaidi, hana kazi. Haya. Wakaguzi wanakuja tarehe mbili Juni, na kila mwalimu atafundisha mbele yao. Mimi nimepewa hilohilo: nisimame mbele ya darasa nitengeneze wasilisho la slaidi tano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akichemsha, mkataba wake hauongezwi. Nimebakiza miaka minne nistaafu, na nje ya darasa lile, mwanangu, sijui mimi ni nani.

Taabu yangu ni kipanya. Mpiga chapa wa kweli mikono yake haitoki kwenye kibodi, wewe unajua. Nikikishika hicho kidude, mshale unanipotea kwenye skrini, naanza kuusaka kama mtu aliyedondosha sindano. Nimesikia kuna watu wanaoipangia kibodi njia zao za mkato, kwamba kitufe fulani kifanye kazi unayoitaka wewe mwenyewe. Wewe kutwa kucha unawaandalia wakubwa slaidi. Nifundishe.

Na usinipigie simu kunieleza. Kwenye simu unasema "sawa shangazi, sawa shangazi", tukikata nabaki mikono mitupu. Niandikie.

Shangazi yako anayekupenda


27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imetembea siku kumi na tisa, nadhani ilipita kusalimia ndugu zake njiani. Sisi hatujambo. Mama watoto anakushukuru kwa salamu. Somo yako ameanguka mara mbili tangu Jumatatu, ila anasema kamba hazina kosa, kosa ni la sakafu. Ukaidi huo sijui kautoa wapi, mimi namwangalia tu.

Kwanza nicheke. Wewe kuniomba mimi nikufundishe kibodi! Unakumbuka nilipokuja kwako baada ya baba kufariki, nikiwa darasa la tano? Nilikuwa sisemi na mtu. Hukunilazimisha kusema. Ulinikalisha mbele ya mashine ya chapa, ukanifunika mikono kwa kitambaa cha meza, ukasema, "Usitazame. Vidole vina akili zao." Nililia wiki nzima, wiki ya pili nikaandika sentensi. Mkate ninaokula leo umetoka chini ya kitambaa kile. Sijawahi kukuambia asante kwa maneno mengi hivi, basi ndiyo hayo.

Sasa somo. Ukiwa ndani ya programu ya slaidi, fungua menyu ya Zana, shuka mpaka Geuza Kukufaa, humo utakuta ukurasa wa Kibodi. Juu pana orodha ya vitufe, Kontroli na herufi hii, Kontroli na Shifti na herufi ile, vyote. Chini pana orodha ya kazi: slaidi mpya, jedwali, kukuza maandishi, kuanzisha onyesho. Chagua kitufe juu, chagua kazi chini, bonyeza Rekebisha, halafu Sawa. Kibodi imekutii.

Anza na kazi nne tano tu, usiwe na pupa. Andika kwenye karatasi kitufe gani umekipa kazi gani, na uniambie.

Mwanao


24 Machi

Mtaalamu wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa barua, na zaidi nashukuru kwa lile la kitambaa. Niliweka barua chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nyumbani kwema. Mama wa duka la pembeni amejifungua pacha, sasa analia yeye na pacha wanacheka. Muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto, anarudi na stika usoni.

Haya, kuhusu vitufe, usinicheke. Nikasema S ni ya slaidi, kwa hiyo Kontroli na S nikaipa kazi ya kuleta slaidi mpya. Akili ya kawaida kabisa! Nikafundisha darasa la mwaka wa pili kwa madaha. Kila nikitaka kuhifadhi kazi, vidole vyangu kwa mazoea ya miaka vinakwenda Kontroli S, na kila vikienda hapo inazaliwa slaidi tupu. Nilipomaliza kipindi, binti wa dawati la mbele akaniambia, "Mwalimu, tuna slaidi arubaini na moja, na hakuna hata moja iliyohifadhiwa." Darasa zima liliangua kicheko. Na mimi nilicheka, ingawa mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Hivi vitufe vya juu kabisa, F5 na wenzake, navyo ni balaa. Viko kule ghorofani, kidole hakifiki bila mtu kuinamisha kichwa atazame. Huwezi kuviteremsha?

Mkuu ameniuliza kama ningependelea kazi ya stoo, nigawe karatasi na wino. Kwa upole kabisa aliniuliza. Nikamwambia bado sijafa.

Wasalimie wote hapo ms dp,p usmhi ,es,nor mo,r,mimi;os bosyi

Shangazi yako


14 Aprili

SHANGAZI MPENDWA,

SHIKAMOO. Kalamu yangu ya zamani imeisha, nimenunua hii nene, ndiyo maana herufi zimenenepa. Nimezoea, naona nitaendelea nayo.

Hatujambo wote. Mkubwa wangu wa kazi ameumwa jino siku tatu na ofisi imekuwa tulivu kama likizo.

Slaidi arubaini na moja! Nimemsomea mama watoto mpaka chai ikampalia. Shangazi, Kontroli S tuirudishie kazi yake ya kuhifadhi, tuiombe radhi. Na ule mstari wa mwisho, ambao vidole vilikaa kitufe kimoja pembeni, nao nimeusoma: somo yako anasubiri viatu hivyo kwa hamu.

Nimefikiri upya jambo lote. Vitufe vyako vyote nimevishusha mstari wa katikati, pale vidole vinapolala. Unashika Kontroli na Shifti kwa mkono mmoja, mkono mwingine unafanya hivi. J, yenye kinundu, ni slaidi mpya. K ni jedwali. L ni kukuza maandishi. F, yenye kinundu cha pili, ni kuanzisha onyesho. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kutazamwa. Hakuna kinachofungua dirisha la kukuuliza maswali. Ukijua vinundu viwili viko wapi, unajua kila kitu kiko wapi.

Nimevipanga kwenye kompyuta yangu, nikavihifadhi kwenye faili, na faili liko kwenye flashi hii niliyokufungia ndani ya barua. Mwombe muuguzi aichomeke, aende ukurasa uleule wa Kibodi, abonyeze Pakia. Mara moja tu, basi. Hutarudia tena maisha.

Mimi naendelea vizuri. Sina swali lolote la kukuuliza.

MWANAO


9 Mei

We mtoto,

Marahaba. Mbona umeniandikia kwa herufi kubwa namna ile? Postamasta alidhani ni tangazo la mnada. Nimeisoma dirishani asubuhi, nikaimaliza bila kupumzika, jambo ambalo halijatokea siku nyingi kwa sababu ya hizi taa zao. Basi endelea na hiyo kalamu, kwa kuwa umeshainunua.

Lakini mstari gani wa pembeni unaousema? Mimi sikuona mstari wowote. Nimepiga chapa miaka thelathini na tano, barua yenye kosa moja nilikuwa naichana. Labda ulikuwa na usingizi.

Muuguzi alipakia flashi yako kwenye kompyuta yangu ya hapa nyumbani, Jumapili kabla ya kwenda zamu. Mwanangu! Nilikaa pale mpaka chakula kikaungua. J, slaidi inakuja. L, maandishi yanakua. F, onyesho linaanza. Mikono imetulia, shingo imenyooka, nilijiona kama enzi zile nachapa hotuba za wakubwa huku natazama nje. Sasa hivi slaidi tano natengeneza kwa dakika kumi na moja. Ahsante. Sitasema zaidi, maana nikianza barua italowa.

Wakaguzi wanakuja kama ilivyopangwa. Mkuu amesema tutafanyia ukumbini, kwenye mashine mpya iliyofungwa na projekta, ili waone vizuri. Sina wasiwasi. Vitufe ninavyo vidoleni.

Usiponiuliza swali, nami sitakujibu. Tumeelewana hivyo?

Shangazi yako


3 Juni

SHANGAZI WANGU,

Shikamoo. Leo sisalimii kwa urefu, unisamehe. Barua yako ya Mei imefika leo saa nne asubuhi. Nilipofika kwenye neno "ukumbini" nilisimama katikati ya ofisi kama mtu aliyepigwa kofi. Nimekupigia simu mara tano. Hupokei. Muuguzi naye simu yake imezimwa.

Kosa ni langu, langu peke yangu. Vitufe havikai vidoleni, shangazi, wala havikai kwenye slaidi. Vinakaa kwenye kompyuta ile ile uliyovipangia. Ukienda mashine nyingine, hiyo haikujui. Ilitakiwa uende na flashi, muipakie na ukumbini pia. Mimi nikakuandikia "mara moja tu, basi". Nafanya kazi hii kila siku, najua hilo kama ninavyojua jina langu, na nikalisahau kwa sababu mimi huwa situmii mashine ya mtu. Na jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Basi nami nivunje makubaliano yetu. Nimejua tangu Machi. Ule mstari haukuwa usingizi wangu. Mikono yako ilikaa kitufe kimoja kulia, ukaandika sentensi nzima isiyosomeka, ukatia saini ukatuma. Niliirudisha herufi moja moja kushoto mpaka nikapata "na somo yangu mwambie nimemnunulia viatu", nikashukuru, halafu nikalia. Si kwa sababu ya kosa. Kwa sababu hukuliona. Taa hazina hatia, shangazi.

Nilinyamaza kwa sababu na wewe ulinyamaza. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Sasa naona nimekupeleka mbele ya wakaguzi gizani, mimi niliyekuwa nalijua giza lenyewe. Kama wamekunyima mkataba, ni mimi niliyekunyima. Nisamehe. Niandikie lolote, hata matusi.

MWANAO


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Acha kulia, utamtisha mtoto. Barua yako amenisomea muuguzi, na hii ninayochapa ameikagua yeye mstari kwa mstari, kwa hiyo kosa likipita mkamate yeye. Simu zako nilizisikia. Nilitaka kwanza nijue la kukuambia.

Sikiliza ilivyokuwa. Ukumbi ulijaa. Wakaguzi walikuwa watatu, wawili wanaume na mama mmoja wa makamo. Mkuu alikaa nao na ile tai yake. Nikasimama, nikatafuta vinundu, nikavipata, moyo ukatulia. Nikaandika kichwa cha habari. Nikashika Kontroli na Shifti, nikagonga J, nikaandika kichwa cha pili. J tena, cha tatu. Huku naeleza, natania, wanafunzi wanacheka, nami nadhani leo mzaha wangu umewakolea kweli kweli. Nilipofika slaidi ya tano nikagonga F ya kuanzisha onyesho. Kicheko kikakatika. Ukumbi mzima kimya.

Mwanangu, kimya cha darasa nakijua. Kuna cha kuandika, kuna cha kusinzia, kuna cha kumwonea mwalimu aibu. Kile kilikuwa cha tatu.

Nikauliza, "Mnaona nini?" Nikauliza mara ya pili. Ndipo yule binti wa dawati la mbele akasema polepole, "Mwalimu, kila ukigonga J menyu zinatoweka, ukigonga tena zinarudi, na slaidi zote tano zimepandana kwenye moja." Nilikuwa nimejenga ghorofa tano juu ya kiwanja kimoja mbele ya wakaguzi, na hakuna aliyethubutu kuniambia kwa heshima aliyonayo kwangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nashukuru niliumbuliwa na mashine tu. Ningeweza kusema kompyuta ni mbovu. Neno hilo lilifika ulimini kabisa. Lakini nikawatazama, yaani nikatazama kule sauti zilikokuwa, nikasema, "Wanangu, sioni. Mwaka wa pili huu macho yananiishia, naona pembeni kama moshi. Nimekuwa nawaficha. Nisameheni." Nikasikia kiti cha mkuu kikigongana na cha jirani yake.

Halafu nikakasirika. Na mimi nikikasirika nafundisha. Nikamwambia yule binti, "Njoo huku. Shika hicho kipanya, leo nimekupa ruhusa. Mashine hii haina adabu kwa sababu hainijui. Tutaifundisha." Nikamwambia aende kwenye menyu. Kisha Zana. Geuza Kukufaa. Kibodi. Barua yako ya Februari naijua kwa moyo, maana niliisoma kwa shida, na kinachosomwa kwa shida hakisahauliki. Mimi nasema, yeye anabonyeza, ukumbi mzima unaandika. Juu kitufe, chini kazi, Rekebisha, Sawa. Nikawaeleza kwa nini J na si S, kwa nini tunaanzia vinunduni. Mkaguzi mmoja akauliza, "Na kama mtu hana shida ya macho, hizi zina faida gani kwake?" Nikamjibu, "Mheshimiwa, atamtazama bosi wake usoni wakati wenzake wanatazama chini." Wakacheka, na yeye akaandika.

Tulipomaliza nikamwambia binti arudi kukaa. Nikatengeneza slaidi tano upya, peke yangu, dakika kumi na mbili. F ilipoanzisha onyesho sikuuliza wanaona nini. Makofi yalinijibu.

Yule mama mkaguzi alinifuata nje. Akaniuliza nani kanifundisha haya. Nikasema mwanangu. Akasema, "Una bahati." Nikamwambia najua.

Mkataba wameuongeza miaka miwili, si minne, na wameandika nipewe msaidizi wa kusoma maandishi ya wanafunzi. Mkuu alikuja mwenyewe kunipa barua. Aliniuliza mbona sikumwambia. Nikamuuliza angenipa nini, darasa au stoo? Alinishika mkono mpaka ngazi ya mwisho, na sikuutoa.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayejilaumu. Ungekumbuka kuniambia habari ya flashi, ningeingia na vitufe vyangu, ningefanya vizuri, na ningerudi nyumbani na uongo wangu mzimamzima. Ningeendelea kuficha mpaka nianguke ngazini. Kusahau kwako kumenifanyia kazi ambayo akili yangu ilikataa miaka miwili. Nakushukuru kwa ulichokikumbuka, na nakushukuru kwa ulichokisahau. Na kalamu nene usiitupe.

Bado kitu kimoja. Muuguzi amenipangia miadi kwa daktari wa macho, Alhamisi tarehe ishirini na tatu Julai, saa tatu asubuhi. Anasema yaliyokwisha kuharibika huenda yasirudi, ila yaliyobaki yanaweza kuokolewa. Siku hiyo yeye ana zamu. Mwaka jana ningekuandikia kwamba nitakwenda mwenyewe, hospitali si mbali, barabara naijua. Nimekulea miaka tisa na sijawahi kukuomba kitu, nilidhani ndiyo kazi ya mkubwa.

Naogopa, mwanangu. Njoo unipeleke.

Shangazi yako